Fimbo ya kuvulia besi: muache samaki kwanza, iangalie ndoano

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya uvuvi kutafuta fimbo ya besi, yule samaki wa maji baridi anayeitwa bass kwa Kiingereza, unaweza ukatoka na kichwa kinauma. Ukuta mzima umejaa fimbo, nyingi nyeusi, zote zinafanana, halafu kila moja ina maandishi madogo pale juu ya kishikio, hii 7'0" MH F, ile 6'10" ML XF, ile nyingine 7'6" H MF, na ukimwuliza muuzaji anakuchagulia moja anakwambia hii inafanya kila kitu. Mi niliambiwa hivohivo, nikaibeba, na msimu mzima nikawa napoteza samaki hatua chache kutoka kwenye boti, anakuja vizuri, namuona kabisa, anatikisa kichwa mara moja, kwisha habari. Nikalaumu ndoano, nikanunua nyingine kali zaidi, hali ikawa ileile. Kumbe fimbo yangu ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe na mi nilikuwa natupa chambo chenye ndoano nyembamba za meno matatu, kwa hiyo kila samaki akitikisa kichwa fimbo haimpi nafasi hata kidogo, ndoano inachana kile kitundu mpaka inatoka.

Kosa hili ni la wengi, tunachagua fimbo kwa kumfikiria samaki. Tunasema besi ni mkorofi, anaruka, anapigana, basi leta fimbo ngumu. Lakini besi mwenyewe sio mkubwa kihivyo. Wengi unaowapata ni wa paundi moja mpaka nne, na rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa ni paundi 22 na aunsi 4, samaki wa George Perry kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na ilipita miaka 77 ndo Manabu Kurita akaifikia kwenye ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Samaki wa paundi 3 kwenye maji ya wazi unamtoa hata kwa fimbo laini ukiwa na subira. Kwa hiyo swali sio "samaki ni mkubwa kiasi gani", swali ni ndoano uliyofunga ni ya namna gani, unatupa uzito gani, na pale unapotupa kuna nini, majani, magogo, mawe au maji matupu. Ukijibu hayo matatu, kwa mpangilio huohuo, fimbo inajichagua yenyewe.

Ila kwanza tuzisome zile herufi maana ndo zinazochanganya watu.

Namba ya mbele ni urefu kwa futi na inchi, hiyo haina shida. Herufi zinazofuata ni nguvu, yaani fimbo inahitaji kuvutwa kwa uzito gani ndo ikubali kupinda. L ni laini, ML ni laini inayokaribia kati, M ni ya kati, MH ni kati inayokwenda kwenye nzito, H ni nzito na XH ni nzito kupitiliza. Halafu herufi za mwisho ni mpindo, yaani inapinda wapi, na wavuvi wengi wanasema tu fasti, modereti, slo. XF inapinda pale kwenye ncha tu, F inapinda kwenye ile theluthi ya juu, MF inashuka kidogo zaidi, M inapinda mpaka karibu na nusu ya fimbo na S inapinda yote mpaka unaisikia kwenye kishikio. Umeona mtego ulipo? M ya nguvu na M ya mpindo ni herufi moja, kwa hiyo ukikuta fimbo imeandikwa M M usidhani mashine ya kuchapa ilikwama, inamaanisha nguvu ya kati na mpindo wa kati.

Nguvu na mpindo watu wanavichanganya kila siku na ni vitu viwili mbalimbali. Fimbo inaweza kuwa nzito na bado ikapinda mpaka katikati, na nyingine inaweza kuwa laini kabisa lakini inayopinda ni ncha peke yake na huku chini imenyooka kama rula. Nguvu inakwambia fimbo itabeba nini na itatoa samaki mahali pagumu kiasi gani. Mpindo unakwambia ule mvuto wa mkono wako utafika haraka kiasi gani kwenye ndoano, na samaki akivuta upande wake fimbo itamwachia nafasi au haitamwachia. Kwangu mpindo una maana kuliko nguvu, na ajabu ndo kitu watu wanakisoma mwisho.

Kingine cha kujua, hakuna kipimo cha pamoja. MH ya kampuni moja inaweza kuwa H kwa jirani yake na M kwa mwingine, kila mtu anaandika anavyoona yeye, na hakuna wa kumshtaki. Ndo maana mi siku hizi nasoma herufi kwa jicho moja na jicho lingine linatafuta ule mstari wa uzito wa chambo, unaandikwa kwa aunsi, mfano 1/4 mpaka 3/4, na kwa kuwa aunsi moja ni kama gramu 28 hapo inamaanisha gramu 7 mpaka 21. Huo mstari ni mkweli kidogo kuliko herufi. Na usiishi kwenye mipaka yake, fimbo inakuwa na raha pale katikati, hiyo ya gramu 7 mpaka 21 itakupendeza zaidi ukitupa 10 mpaka 16.

Sababu ni kwamba fimbo ni springi. Ukiirudisha nyuma na kuisukuma mbele, uzito wa chambo unaikunja, halafu inapojinyoosha ndo inakirusha. Chambo kikiwa chepesi mno fimbo haikunjiki, kwa hiyo unajikuta unarusha kwa nguvu za bega, na kama unatumia beitikasta, ile rili (kifaa cha kukunjia mshipi) inayokaa juu ya fimbo na pipa lake linazunguka lenyewe, pipa linakimbia kuliko chambo na mshipi unafumuka humo ndani unakuwa kama kiota cha ndege. Wengi wanakata tamaa na beitikasta kwa sababu hii, wanadhani vidole vyao ndo vibovu, kumbe wanatupa gramu 5 kwa fimbo iliyotengenezewa gramu 20. Na kikizidi uzito nako balaa, fimbo inalegea nyuma kama kamba iliyolowa, usahihi unapotea, na siku moja utasikia tu "kwa!" na ncha imeondoka na chambo.

Sasa turudi kwenye ndoano, hapa ndo pa kukaa.

Chambo nyingi za besi zinaangukia kwenye makundi mawili. Kuna zile zenye ndoano nene, moja au mbili, kama minyoo ya plastiki iliyofungwa kwa Texas rigi, jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi), chura wa plastiki, na kuna zile zenye ndoano mbili au tatu nyembamba za meno matatu, kama krankibeti (kisamaki cha plastiki kinachozama ukikivuta), jakibeti (kisamaki chembamba unachokichezesha kwa kupiga fimbo) na chambo nyingi za juu ya maji. Ukilielewa hili umemaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Ile ndoano nene moja ina kazi mbili kabla haijamshika samaki. Kwenye Texas rigi ncha ya ndoano imefichwa ndani ya mnyoo ili isinase kwenye majani, kwa hiyo ukivuta inabidi itoboe plastiki kwanza halafu ndo itoboe mdomo, na kwenye jigi kuna kile kifagio cha nyuzi ngumu kinachoikinga, nacho lazima kilale kwanza. Chuma chenyewe ni kinene, hakiingii kwa kubembeleza. Hapo unataka fimbo ambayo ukiinyanyua mkono, ncha inapinda kidogo tu halafu inakutana na sehemu ngumu, nguvu inafika chini bila kupotea njiani. Hiyo ni MH yenye mpindo wa F, urefu wa futi 7 au inchi mbili tatu zaidi, na ndo fimbo ambayo wavuvi wengi wa besi wakiambiwa wabaki na moja watabaki nayo. Mpindo huohuo wa fasti unasaidia pia kusikia, maana jigi ikigusa jiwe au besi akiinyonya kimyakimya, ule mtikisiko unapanda kwenye fimbo ngumu bila kumezwa. Besi hadonoi kama samaki wengine, anafungua mdomo ghafla maji yanaingia na chambo humohumo, mara nyingi unachosikia ni "tk" moja au mshipi unalegea tu, ukizubaa ameshakitema.

Ndoano za meno matatu ni kinyume chake. Zimetengenezwa kwa waya mwembamba, ncha zake ziko wazi, samaki akifunga mdomo tu kuna moja imeshamdunga, haihitaji kukitwa kwa nguvu. Tatizo lake ni baada ya hapo. Inashika juujuu, mara nyingi kwenye ile ngozi nyembamba ya pembeni ya mdomo, na yule besi akiruka akatikisa kichwa ana uzito wa chambo chenyewe wa kumsaidia kuing'oa. Hapo unataka fimbo inayokubali, inayopinda mpaka katikati na kubaki imepinda muda wote samaki anapohangaika, ili mshipi usilegee hata sekunde na pia usikazwe ghafla. Hiyo ni M au MH yenye mpindo wa M, futi 7 mpaka 7 na nusu, na kama unatupa krankibeti kubwa za kuzama sana nenda mpaka karibu futi 8, kwa sababu ukitupa mbali chambo kinapata nafasi ndefu ya kushuka kabla hakijaanza kupanda kukufuata.

Hapa ndo inapoingia faiba, yaani faibaglasi. Miaka ya 1970 kaboni ilipoanza kutengenezewa fimbo watu waliikimbilia maana ni nyepesi na inasikia kila kitu, na faiba ikaonekana kitu cha babu. Lakini wavuvi wa krankibeti hawakuiacha, Rick Clunn, aliyechukua Bassmaster Classic, mashindano makubwa ya uvuvi wa besi Marekani, mara 4, ni mmoja wa waliobaki wakiitetea. Hoja yao ni kwamba faiba inachelewa. Samaki akigonga, fimbo inapinda taratibu, inampa ile nukta moja ya kukimeza chambo badala ya wewe kukinyang'anya mdomoni kwa mshtuko. Kuna wanaobisha, wanasema ukitumia kaboni yenye mpindo wa kati na ukazuia mkono wako unapata yaleyale, na siku hizi kuna fimbo zilizochanganywa faiba na kaboni kwa hiyo mabishano yamepoa kidogo. Mi niko upande wa faiba, ila sio kwa sababu ya sayansi, ni kwa sababu najijua, mkono wangu una kiherehere, nikisikia kitu nimeshavuta, na faiba inanificha aibu. Ubaya wake ni uzito, shinda nayo asubuhi mpaka jioni kiwiko kitakusimulia.

Kwa hiyo ukiwa na fimbo mbili tu, moja ya ndoano nene na moja ya ndoano nyembamba, tayari unavua besi kwa namna nyingi. Yanayobaki ni marekebisho ya mazingira, na hapo ndo urefu unaanza kuwa na maana.

Urefu sio suala la kutupa mbali tu. Fimbo ndefu ukiinyanyua inakusanya mshipi mwingi kwa mkupuo mmoja, hii inasaidia kama samaki yuko mbali au mshipi umelegea. Lakini fimbo ni wenzo, na kwenye wenzo huu samaki ndo ameshika upande mrefu, wewe umeshika ule mfupi, kwa hiyo kila inchi unayoongeza inamuongezea yeye. Ukitaka kuamini, funga mshipi kwenye mizani ya kupimia samaki, mwambie mtu aishike, halafu vuta kwa fimbo nzima nguvu zako zote kama unakita ndoano, uone mizani itasoma nini. Utaona aibu. Na kama mshipi ni mrefu wa kuvutika ndo inasoma kidogo zaidi. Ndo maana fimbo ndefu zikifanywa za kazi nzito zinakuwa pia H au XH, ule ugumu unarudisha kilichoibwa na urefu.

Mfano mzuri ni flipini, ambayo ina historia tamu. Kule California kulikuwa na wavuvi wanatumia mti mrefu wa futi 12 hivi, mshipi mfupi, wanadondosha jigi katikati ya matete bila kurusha kabisa, na Dee Thomas alikuwa hodari wa mtindo huo kiasi kwamba wenzake wakalalamika na mashindano ya huko yakaweka kikomo cha futi 8. Badala ya kususa akatafuta namna ya kufanya kazi ileile kwa fimbo fupi na rili, unaushika mshipi kwa mkono wa pili, unabembeza jigi kama pendulamu, inaingia kwenye tundu la majani bila kishindo. Kampuni ya fimbo ya Fenwick ikatoa fimbo yake ya futi 7 na nusu na mtindo ukaenea mpaka leo. Sasa fikiria kilichopo mwisho wa mshipi huo, besi amekaa ndani ya vichaka, uko naye hatua chache, chubwi lako lina gramu 20 mpaka 40, ndoano ni nene kama msumari. Ukimpa sekunde mbili anazunguka gogo na mchezo umekwisha. Hapo hakuna kubembelezana, ni H au XH, F, futi 7 na inchi 4 mpaka futi 8, mshipi wa kusuka wa paundi 50 kwenda juu (yaani mzigo unaoubeba kabla haujakatika), unamkita na kumtoa kwa mwendo mmoja kama unang'oa muhogo. Urefu hapo hautafuti umbali, unataka kumnyanyua samaki juu badala ya kumburuta ndani ya uchafu.

Chura wa plastiki ni ndugu yake wa karibu, unampitisha juu ya majani yaliyotanda na besi anatoboa kutoka chini. Ndoano zake ni mbili nene zimelala mgongoni kwa chura, na samaki akikamatwa anatoka na kilo za majani kichwani. Nguvu iwe H, mshipi wa kusuka paundi 50 mpaka 65, ila hapa usichukue XH iliyokakamaa mpaka kwenye ncha, maana chura anahitaji kutembezwa kushoto kulia kwa kutikisa ncha, na ncha isiyopinda haimtembezi, inamburuza. Futi 7 na inchi 2 hadi 4 inatosha.

Ukishatoka kwenye majani ukaenda kwenye maji meupe, mambo yanageuka chini juu. Dropshoti kwa mfano, ndoano ndogo nyembamba imefungwa juu na chubwi dogo liko chini yake, mshipi wa paundi 6 au 8, mnyoo wa inchi 4 unatetemeka palepale. Ukiikita ndoano hiyo kama ya jigi unakata mshipi, ni hivo tu. Unachofanya ni kuzungusha rili na kunyanyua fimbo taratibu, ndoano inaingia yenyewe kwa sababu ni nyembamba. Fimbo yake ni ya rili ya spining (nitaieleza hapo chini), ML au M, mpindo F au XF, futi 6 na inchi 10 mpaka 7 na inchi 2. Hapa watu huuliza, si umesema ndoano nyembamba inataka mpindo wa kati? Swali zuri. Tofauti ni kwamba dropshoti ni chambo cha kusikia, ncha ya haraka ni kwa ajili ya mkono wako na kwa ajili ya kutetemesha mnyoo, na ule ulaini unaomlinda samaki unatoka kwenye nguvu ndogo ya fimbo na kwenye breki ya rili iliyolegezwa. Krankibeti unaivuta muda wote, huhitaji kutetemesha kitu, kwa hiyo ulaini unauweka kwenye mpindo. Sheria ya ndoano haijavunjwa, imelipwa kwa njia nyingine.

Na kuhusu spining na beitikasta, msifanye kama ni dini mbili. Spining inaning'inia chini ya fimbo, mshipi unatoka kwenye pipa lililosimama, hakuna kinachozunguka, kwa hiyo inatupa vitu vyepesi bila matatizo na ndo maana kwenye fimbo yake ile pete ya kwanza ya kupitishia mshipi ni pana, inakusanya zile duara za mshipi. Beitikasta inabeba mshipi mnene, ina nguvu ya kuvuta, na kidole gumba kinaweza kuisimamisha chambo pale unapotaka. Kama robo aunsi, gramu 7, ndo mpaka ninaoutumia mimi, chini yake spining, juu yake beitikasta, na wenye mikono mizuri watanicheka lakini sawa. Usifunge tu rili ya spining kwenye fimbo ya beitikasta, pete ni ndogo na zimekaa upande mwingine, mshipi utasuguana.

Jakibeti na chambo za kutembeza juu ya maji nazipitia haraka. Ndoano ni za meno matatu kwa hiyo ulaini unahitajika, ila unazichezesha kwa kupiga fimbo chini chini, ncha ikielekea majini, kwa hiyo fimbo ikiwa ndefu kuliko kimo chako kinavyoruhusu utakuwa unapiga maji kila mara. Nguvu M, mpindo MF, futi 6 na nusu mpaka 7, na mtu mfupi achukue fupi bila kuona haya. Spinabeti, chambo chenye vibamba vinavyozunguka, ina ndoano moja iliyo wazi na unaivuta mfululizo, MH yenye MF inaimudu. Carolina rigi, ambapo chubwi zito linaburutwa mbele na mnyoo unafuata nyuma kwa kipande kingine cha mshipi, huikiti kwa kunyanyua juu bali kwa kufagia fimbo pembeni, kwa hiyo inataka urefu, futi 7 na inchi 3 na zaidi, MH au H. Swimbeti (chambo za umbo la samaki) kubwa za aunsi 3 na kuendelea ni ulimwengu wake, ukitupa kwa fimbo ya jigi utaivunja, nunua fimbo iliyoandikwa uzito huo au achana nazo.

Kuna kitu kimoja hakiandikwi kwenye fimbo lakini kinaibadilisha kabisa, nacho ni mshipi. Mono ya nailoni inavutika sana, florokaboni inavutika kiasi na inazama, wa kusuka karibu hauvutiki. Maana yake ukibadilisha mshipi umebadilisha fimbo. Ukifunga mshipi wa kusuka kwenye ile MH F yako na kutupa krankibeti umetengeneza mashine ya kung'oa ndoano, lakini fimbo hiyohiyo ukiifunga mono inalainika, inaweza kupita. Mtu asiye na uwezo wa fimbo nyingi aanzie hapa, pipa la pili la mshipi ni jepesi mfukoni kuliko fimbo ya pili.

Neno dogo juu ya kaboni. Muuzaji atakutajia IM6, IM7, IM8, au tani 24, 30, 40. Zile za IM zilianza kama majina ya biashara ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hercules, baadaye Hexcel, sasa kila mtu anazichapa, kwa hiyo IM8 ya huku haimaanishi imeizidi IM7 ya kule. Tani ni ugumu wa nyuzi, zikipanda fimbo inakuwa nyepesi na inasikia zaidi, lakini pia haivumilii kugongwa. Fimbo nyingi zinazovunjika hazivunjwi na samaki, zinavunjwa na mlango wa gari, na chubwi lililogonga mwili wake wiki iliyopita likaacha ufa usioonekana, na sisi wenyewe tunapomnyanyua samaki pembeni ya boti fimbo ikiwa imesimama wima, hapo mzigo wote unahamia kwenye zile inchi chache nyembamba za juu. Mshike samaki kwa mdomo au kwa wavu, fimbo isikaribie kusimama wima.

Ukienda dukani basi, beba rili yako. Ifunge kwenye fimbo, weka kidole mbele kidogo ya rili uone inalala upande gani, ikiangukia mbele sana mkono utachoka kabla ya saa nne. Mwambie mtu ashike ncha kwa kitambaa, vuta taratibu, angalia inapinda kuanzia wapi na usijali kilichoandikwa. Usiitikise hewani kama mwalimu wa zamani na bakora yake, kutikisa hakukwambii chochote. Angalia kila pete kama imenyooka na kauri yake haina mkwaruzo, pitisha kipande cha pamba ndani yake, ikinasa nyuzi mshipi nao utanasa. Kishikio cha koki au cha sponji ni mapenzi yako, ila urefu wake uupime, kikiwa kirefu kitakugonga mbavu ukipiga jakibeti, na kikiwa kifupi hutapata mahali pa mkono wa pili kwenye flipini.

Na mpangilio wa kununua, kwa mtu anayeanza kabisa, kwa maoni yangu: ya kwanza 7'0" MH F ya beitikasta, au M F ya spining kama beitikasta inakutisha. Ya pili, ile spining kama ulianza na beitikasta, kwa ajili ya siku ngumu ambazo besi hataki kitu zaidi ya kamnyoo kadogo. Ya tatu ndo ile ya mpindo wa kati kwa krankibeti, na hapo kama una mkono kama wangu chukua yenye faiba. Ya kuflipia inaweza kusubiri mpaka upate maji yenye vichaka vya kutosha, maana kwenye maji ya wazi ni mti tu wa kukuchosha bega.